Mwaka wa Zizi la Shangazi

Marwa alituita Turwa tule pamoja, sisi tuliobaki wa kile kipindi cha watoto ambacho marehemu baba yake alikianzisha na kukizika ndani ya mwaka mmoja. Alisema ameikuta mikanda yetu kwenye stoo ya mzee, ameipeleka Mwanza kwa fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta, na anataka tuione kabla hajaiweka mtandaoni. Nilitoka Mugumu, ambako mimi na mume wangu tuna duka la dawa za mifugo, nikaja na binti yangu Mkami aliyekuwa likizo ya chuo. Nilikwenda zaidi kwa ajili ya Sele, mwenzangu wa kipindi, maana nilisikia miguu inamsumbua na sikujua kama tungepata nafasi nyingine ya kuonana. Nyumba ya mzee wake, Magige, ilikuwa ileile, ila sebule sasa ina vigae, na ukutani kuna televisheni pana kama mlango. Tulipewa nyama choma na kichuri chake kichungu cha kuchovea, ugali wa muhogo na soda, na kabla hatujamaliza kula Marwa akawasha. Kwenye kioo akatokea msichana aliyevaa miwani mikubwa isiyo na vioo, kilemba cha kitenge kikimwangukia usoni, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma yake pazia limechorwa ng'ombe wenye macho kama ya binadamu. "Watoto wazuri," akasema, "reo tutajifunza rangi. Ng'ombe wa baba yenu ana rangi gani?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Mkami alicheka mpaka akapaliwa na soda. Nami nikacheka, kwa sababu ningekaa kimya wangeniangalia.

Alipopata pumzi Mkami akanigeukia. "Mama, ulikuwa unaigiza kuongea hivyo, au ndivyo ulivyokuwa unaongea?"

Nikamwambia nilikuwa naigiza. Nilijibu haraka mno, na nikaona Sele ameinamia sahani yake. Jibu la kweli ni refu, na sijawahi kumpa mtu yeyote, hata mume wangu. Kuna miezi ya mwaka ule niliongea hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojua kuongea, na kuna miezi niliongea hivyo kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Aibu yangu mpaka leo ni kwamba kwenye mikanda huwezi kutofautisha. Mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa pale na mfupa mkononi, sikuweza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, nimepanga chumba Turwa, na nilitaka kusoma habari. Bosi Magige alikuwa na duka la televisheni na redio karibu na stendi ya Tarime. Ndiye aliyevuta nyaya za kebo kwenda majumbani na kwenye baa, na kati ya stesheni alizosambaza moja ilikuwa yake mwenyewe, ya matangazo ya vifo, harusi na ng'ombe waliopotea. Nilisikia anatafuta msomaji. Nilikwenda nikiwa nimevaa sketi ya kanisani, nikapelekwa chumba cha nyuma ya duka, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, hewa imejaa harufu ya risasi ya kulehemu na ya dagaa kutoka stoo ya jirani. Bosi alinipa gazeti nisome mbele ya kamera. Nilisoma kwa nguvu na kwa heshima, kama nilivyokuwa nasoma masomo kanisani. Odhiambo, mpiga picha, Mjaluo mrefu aliyejifunzia kazi kwenye harusi, aliziba mdomo wake kwa mkono. Nikadhani anapiga miayo. Bosi hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kisha akasema kwamba wasomaji wa habari wamejaa kila mahali lakini mimi nina sauti ya watoto. Akaniuliza kama ningependa kipindi changu mwenyewe. Nilitoka pale sioni njia kwa furaha.

Inabidi nieleze kidogo. Sisi tuliokulia vijijini tukiongea Kikurya, wengi wetu l na r zilitusumbua. Niliandika leo nikasema reo, niliandika kula nikasema kura, na shuleni Gorong'a hakuna aliyenisahihisha kwa sababu mwalimu naye alisema hivyo hivyo. Sikuwa nimewahi kujisikia. Nadhani hilo ndilo ambalo vijana wa sasa hawawezi kulielewa, wao wanaojirekodi tangu wadogo: kwamba mtu alifika utu uzima hajawahi kusikia sauti yake mwenyewe kutoka nje.

Kipindi kiliitwa Zizi la Shangazi. Wakati ule antena za Tarime zilinasa stesheni za Kenya kupitia Sirari, na kebo ilituletea za Dar es Salaam, na kila moja ilikuwa na kipindi cha watoto siku ya Jumamosi: watoto wenye soksi nyeupe, bembea, mipira ya rangi, shangazi mwenye sauti laini, na mnyama wa kitambaa asiyependa kuoga. Bosi alichukua kila kitu cha kwao akakitafutia chetu. Badala ya bustani tulikuwa na zizi. Watoto wa jirani walikaa juu ya kreti za soda. Mnyama wetu alikuwa Beberu, soksi ya zamani ya Odhiambo iliyoshonewa pembe za kartoni, na ugomvi wake haukuwa na sabuni ila na josho, alikataa kuingia. Rangi tulizifundisha kwa ng'ombe. Wenzetu walimleta rubani awe mgeni wa wiki. Sisi tulimleta mzee aliyewahi kuona ndege ikitua Musoma, naye akatueleza ilivyotua, taratibu, kwa muda mrefu. Na kwenye salamu za siku ya kuzaliwa keki yetu ilikuwa ugali, umetengenezwa vizuri kwa mwiko, mshumaa mmoja umechomekwa katikati. Watoto waliupuliza, Odhiambo akazima kamera, kisha wakauteremsha na nyama pale pale, wakinyang'anyana upande uliodondokewa na nta kwa sababu waliamini ndio wenye baraka.

Hakuna aliyeniambia kwamba huo ulikuwa mchezo wa kudhihaki vipindi vya wenzetu. Niliona ni akili, kuwafundisha watoto wa kwetu kwa vitu wanavyovijua. Nilikaa chumbani kwangu Turwa nikitunga nyimbo za kuhesabu, nikawafanyia mazoezi watoto wa mwenye nyumba. Nikiwa sokoni watu waliniita Shangazi, wakinikonyeza na kucheka, nami niliwashukuru. Wachimbaji waliotoka Shinyanga, Geita na Tanga kufuata dhahabu walikuwa wakikaa kwenye baa kila Jumamosi mchana kuningoja. Nilipoambiwa hivyo nilijisifu kwa mama yangu, kwamba hata watu wazima wanajifunza.

Sele ndiye aliyekuwa ndani ya Beberu. Alikuwa mtu wa Handeni, alikuja Genkuru kutafuta dhahabu, mwamba ukamnyima, akaishia kuchora mabango ya saluni na bucha. Alipiga magoti nyuma ya pazia mkono ameuinua, na kutoka kwenye soksi ile yenye jasho yalitoka maneno ya Kiswahili kisafi cha kwao, taratibu, hivyo beberu aliongea vizuri kuliko shangazi. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya kichekesho. Sikulijua.

Nilijua siku ya mvua. Bosi alikuwa na mgeni, mfanyabiashara wa jumla wa vinywaji aliyetaka kutangaza kwenye kipindi, na aliniagiza niwapelekee chai. Mlango wa chumba cha mikanda ulikuwa umeegeshwa. Nikiwa kwenye korido na chupa ya chai mkono mmoja na vikombe mkono wa pili nilisikia sauti ya mwanamke ikisema reo, kisha mkanda ukirudishwa, kisha reo tena, na tena, na kila ikisema wanaume wanacheka. Nilifikiri ni mwanamke mwingine. Ilinichukua muda kujua ni mimi. Mgeni akauliza kama yule binti anafanya makusudi, na Bosi akamjibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mwenzake siri ya mapishi: "Usimwambie kitu. Watu wanamcheka kwa sababu yeye hachekeshi. Siku akijua, kipindi kimekufa."

Ningeweza kuondoka. Mara nyingi, nikiwa nahesabu chupa za dawa za kupe dukani, nimejiona nikiiweka ile chupa ya chai chini na kutoka kwenye mvua. Lakini niligonga mlango, nikaingia, nikawamiminia. Mgeni alisimama akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniita Shangazi mwenyewe. Nikamuuliza kama anaweka sukari, na nikajisikia nilivyolitamka neno sukari, neno ambalo sikuwahi kulikosea maishani, nikalionea aibu nalo pia. Tangu siku ile kila neno lilipita mdomoni kama mtu anayekaguliwa mpakani.

Nilimkuta Sele uani, chini ya bati, anakula mihogo ya kuchemsha. Nikamuuliza kama alijua. Alinisogezea sahani kwanza.

"Nilijua kwamba tunachekesha," akasema. "Nilidhani nawe unajua. Nilidhani tunacheka wote, dada Rhobi."

Nikamwambia sikujua. Akaacha kutafuna. Nadhani Sele ndiye mtu pekee aliyeiona aibu yangu ikiwa mbichi, na kwa sababu hiyo kwa muda mrefu baadaye sikupenda kukutana naye, ingawa hakunifanyia lolote ila wema. Kesho yake alianza kunifundisha. Tulikaa uani kabla ya kazi, yeye na kikombe chake cha chai ya rangi, mimi na changu, akinionyesha mahali pa kuuweka ulimi. Uguse juu nyuma ya meno, uutulize pale, alisema. R inatetemeka, l inalala. Nilirudia leo, kula, lala, ukweli, mpaka taya likauma. Wapita njia walituona tunaangaliana midomo wakatunga yao. Sikujali. Nilitaka kuwanyima kile walichokuwa wakikichekea, basi.

Na nikaweza. Ilifika Jumamosi tukarekodi kipindi kizima na sikukosea hata neno moja. Niliwaeleza watoto habari ya mvua na mawingu kwa Kiswahili ambacho Sele, ndani ya soksi yake, alikiitikia kwa kichwa cha beberu kama mzee anayeridhika. Nilitembea kurudi Turwa nikijiona nimeshinda. Kipindi kilipoonyeshwa nilipita nje ya baa moja makusudi. Hakukuwa na kicheko. Watu wanakula, wanaongea mambo yao, televisheni inaongea peke yake juu ya friji.

Bosi aliniita ofisini. Kama angefoka ningemjibu, lakini alikuwa mpole, aliniita mwanangu, akaniagizia supu. Alisema nimeanza kuiga watu wa pwani na kipindi kimepoa. Watu wanamtaka yule Shangazi wa kwetu. Alilisema hilo neno, kwetu, akiweka mkono kifuani, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananidanganya au alijidanganya na yeye. "Rudi kama ulivyokuwa," akasema. "Ni kazi ndogo tu, ongea kama ulivyozaliwa."

Nilirudi. Sababu zangu zilikuwa za kawaida, za chumba na chakula na jina. Nyumbani walishatangaza kwamba Rhobi yuko kwenye televisheni. Mama alikuwa akisimamishwa njiani na watu wasiomjua. Na watoto wa kwenye kreti nao walikuwepo, wale hawakuwahi kucheka mahali pasipostahili, walicheka Beberu alipokataa josho na wakanyamaza nilipowahadithia. Lakini nisijifiche nyuma ya watoto. Nilirudi kwa sababu niliogopa kuwa mtu asiyejulikana tena. Basi ikawa kila Jumamosi navaa ile miwani isiyo na vioo na naanza kukumbuka nilikuwa nakosea wapi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Nilikuwa nimeshazoea kusema leo, ikabidi nisimame kidogo kabla ya neno, niitafute ile r, niitoe. Mara nyingine niliiweka mahali ambapo Mkurya yeyote asingeiweka. Niliongeza mikono, nikaongeza macho, nikajifunza kungoja kicheko ambacho sikisikii. Baa zikachangamka tena. Odhiambo alisema sasa nimekuwa msanii.

Mama alikuja kutoka Gorong'a msimu wa mavuno, na mahindi mabichi na maziwa mgando kwenye kibuyu, akataka kuniona kwenye televisheni. Nilijaribu kumchelewesha, ikashindikana. Tulikwenda kwa mwenye nyumba, sebule ndogo iliyojaa majirani, mama akapewa kiti cha mbele. Alikaa na khanga yake ameikunja mapajani. Kwenye kioo niliposema shikamooni wakubwa mliopo nyumbani, mama aliitikia marahaba, kwa sauti, peke yake. Majirani wakacheka, siyo kwa ubaya. Baadaye walicheka kwenye rangi za ng'ombe, wakacheka kwenye keki, na kila walipocheka mama aligeuka taratibu kuwaangalia nyuso, kisha akarudi kwenye kioo. Akaniuliza kwa Kikurya wanacheka nini. Nikamwambia wamefurahi.

Alingoja mpaka tuko chumbani kwangu, nimeshampikia chai, anapuliza kikombe. Akasema, kwa Kikurya na polepole, kwamba amemwona yule mtu wa kwenye televisheni, na anajua ni mimi kwa sababu amenizaa, lakini hajaelewa jambo moja. "Kwa nini anatuiga?" aliuliza. Nikafunika sufuria ya chai. Aliuliza tena kwa namna nyingine: nani amenifundisha kuongea kama mtu anayewacheka wa kwao. Mama hakujua Kiswahili cha kutosha kugundua l wala r. Alichosikia ni ile r ya uongo, alisikia kwamba imevaliwa. Asubuhi aliondoka mapema, aliniaga vizuri, akaniachia kibuyu cha maziwa, na hakuomba tena kuona kipindi.

Yule mfanyabiashara wa vinywaji ndiye aliyetaka tufanye onyesho la wazi Genkuru, siku ya gulio, kufunga mwaka. Waliweka jukwaa la mbao pembeni ya uwanja, pazia letu la ng'ombe likafungwa kwenye nguzo, na upande mmoja wakapanga meza za bia. Nilifikiri watakuja wachimbaji na wachuuzi. Walikuja watoto. Walitoka vijiji vya jirani, wengine wametembezwa na mama zao tangu asubuhi, wamevaa nguo za kanisani, wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Mama mmoja alinisogelea kabla hatujaanza, akanisalimia kwa heshima ambayo mwanamke wa umri wake hakupaswa kunipa, akaniambia binti yake anaitwa Bhoke, anajifunza kwangu kila Jumamosi kupitia dirisha la duka, na ameandaa shairi la kumsomea Shangazi. Aliomba apewe nafasi. Bosi alisikia, akasema bila shaka.

Bhoke alikuwa na miaka saba au minane. Alisimama mbele ya kipaza sauti, mikono ameibana mapajani, akatamka shairi lake kuhusu ng'ombe wa baba na mvua na shule. Alikuwa amelishika vizuri. Na kila l yake ilikuwa r, na baada ya mistari michache niligundua kwamba nyingine hazikuwa zake. Zilikuwa zangu. Alikuwa anaweka r mahali nilipoiweka mimi kwa kuigiza, anatoa macho ninavyoyatoa, anangoja mahali ninapongoja. Alikuwa amejifunza kwangu kweli. Meza za bia zikalipuka. Watu walipiga makofi juu ya mbao, mmoja akamrudishia neno lake, wengine wakaitikia. Mtoto akasita. Hakulia, aligeuka kuniangalia, kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu ajue amekosea wapi.

Nilichukua kipaza sauti. Niliwaambia wanyamaze, kwamba mtoto yule hafanyi mchezo. Wakacheka. Nikavua ile miwani, nikavua kilemba, nikawaambia mimi sichekeshi tena, wanisikilize, na kwa hasira ulimi ukaniponyoka, nikasema: "Nawaambia ukweri."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Miezi yote ya mazoezi uani, na siku niliyotaka neno hilo moja litoke zima, lilitoka la zamani, la kwetu, lisilo na maigizo ndani yake. Hakuna aliyejua. Walidhani ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Sele, nyuma ya pazia, alimwinua Beberu akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba dada anasema kweli, jamani. Wakacheka zaidi, beberu amekuwa shahidi. Basi akasimama wima, mtu mzima na soksi mkononi, vumbi magotini, akashuka jukwaani, akamshika Bhoke bega akamrudisha kwa mama yake. Huyo mama alimpokea mwanawe bila kuniangalia. Nilibaki pale na kipaza sauti mpaka Odhiambo alipokuja kukichukua.

Njiani kurudi Tarime, kwenye gari, Bosi alikuwa amefurahi. Alisema hakujua kama nina kipaji kiasi hicho. Jumamosi iliyofuata alikionyesha kipande kile chote, na nasikia katika baa kilirudiwa kwa maombi ya wateja. Mimi sikuwa nimekwenda kazini. Sikumwandikia wala kumuaga. Nilimpa Sele ile miwani ampelekee. Bosi alitafuta msichana mwingine, binti wa mjini aliyeongea Kiswahili safi na aliyejua kabisa kwamba anachekesha. Aliiga vizuri. Hakuna aliyecheka. Kipindi kikafa kabla ya masika, mahali pake wakaweka mieleka.

Pale kwa Marwa, baada ya kula, nilimwomba mkanda wa Genkuru asiuweke mtandaoni. Alishangaa. Alisema ndio bora kuliko yote, alikuwa ameuweka wa mwisho tuufurahie. Nikamwambia kuna mtoto mle ndani ambaye sasa ni mama wa watu na hakuombwa ruhusa. Sele akaniunga mkono. Marwa ni kijana mwenye adabu. Alisema sawa, mama, hautaonekana. Sijui kama amefanya hivyo. Mimi si mtu wa mitandao, na Mkami sijamtuma aangalie. Kwenye basi la kurudi Mugumu nilianza kumwambia kwamba lile jibu langu halikuwa kamili, lakini alikuwa amelala, kichwa kwenye dirisha, na nilifurahi kwamba amelala.

Ninalolikumbuka zaidi kuliko jukwaa lilitokea wiki kadhaa baada ya Genkuru, mieleka ilipokwisha kuanza. Nilikuwa bado Turwa, nangoja nauli na ujasiri wa kurudi nyumbani kwa mama. Nilikuwa nikitoka tu kuchota maji, kichwa wazi, bila miwani, na watu wazima hawakunitambua. Asubuhi moja kwenye bomba, mtoto wa kike ambaye sikumjua, mwenye dumu la njano, alinikodolea macho kwa muda, kisha akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama mimi ni Shangazi wa kwenye Zizi.

Nikamwambia hapana.

Akasema nafanana naye. Nikasema ni dada yangu. Nilichagua maneno yangu moja moja, kwa ulimi wa Sele, ili asisikie chochote anachokijua. Akauliza Shangazi yuko wapi siku hizi, maana Jumamosi hatokei, kuna watu wanapigana tu. Maji yalikuwa yanajaa kwenye ndoo yangu na nilitaka yajae upesi.

"Amekufa," nikasema.

Mtoto aliweka dumu lake chini. Alijifuta mkono kwenye gauni akanipa, kama alivyoona wakubwa wakifanya, akasema, "Pore sana, dada." Hakukuwa na mtu wa kucheka pale bombani. Tukabaki tumeshikana mikono, ndoo yangu ikajaa ikamwagika, na hakuniachia kwa sababu alikuwa bado anafikiri.

"Sasa Beberu anakaa na nani?"

Nikamwambia anakaa na mimi. Akasema afadhari, akabeba dumu lake, akapanda nalo kwenda kwao.